Mkanda wa Kiti Unasumbua? Tafuta Chanzo Kabla Hujauchezea

Dereva mmoja wa mchomoko, yaani gari dogo la abiria, wa kwenda Kasulu aliniletea Probox yake hapa Mwanga, Kigoma, akiwa na ombi moja tu: "Fundi, niondolee hii kengele." Alikuwa na maana ya ule mlio wa dashibodi unaolia usipofunga mkanda. Dawa ya mtaani alishaijaribu: alichomeka pale mkanda unapofungiwa bamba la chuma la mkanda lililokatwa kwenye gari bovu, ili gari lidhani amejifunga. Nikamuuliza ninachomuuliza kila mtu: kwa nini hujifungi?

"Unanikaba. Nikiinama kidogo kuangalia kioo, umeng'ata. Nikianza kupanda kilima, umeng'ata. Mpaka nafika Kasulu bega limekufa ganzi."

Miaka yote niliyofanya kazi za viti na milango, sijakutana na watu wengi wanaochukia mkanda kwa sababu ni mkanda. Wanachukia ule unaokaba, unaokata shingo, unaochafua shati jeupe, au ule unaoning'inia mpaka ukabanwa na mlango. Mtu akishasumbuliwa wiki mbili, anaufunga nyuma ya mgongo na habari yake imeisha. Kwa hiyo kuondoa kero ndiyo kazi yenyewe. Shida ni kwamba mafundi wengi huondoa kero kwa kuua mkanda.

Kwanza tuelewane majina, maana kila gereji ina ya kwake. Utepe ni kile kitambaa kirefu. Ulimi ni bamba la chuma unalolishika kwa mkono. Loki ni pale ulimi unapoingia, penye kitufe chekundu. Pete ya juu ni pale utepe unapopinda karibu na bega lako. Rola imejificha chini ya plastiki ya nguzo ya katikati, na ndiyo inayokunja utepe. Mpango huu wa mkanda unaoshika mwili sehemu tatu ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, na haujabadilika sana tangu hapo.

Mkanda hautoki, au unang'ata ovyo

Hapa ni lazima ujue kilichomo ndani ya rola, la sivyo utabahatisha. Kuna springi bapa iliyojiviringisha kama ya saa ya ukutani. Kazi yake ni kurudisha utepe. Halafu kuna vizuizi viwili. Kimoja husikiliza utepe: ukiuvuta taratibu kinanyamaza, ukiuvuta kwa ghafla meno yanauma. Cha pili husikiliza gari, na kwenye magari mengi ni gololi ya chuma iliyokaa kwenye kikombe kidogo. Gari likifunga breki kwa nguvu au likiinama sana, gololi inapanda ukingo wa kikombe, inanyanyua kijiti, na kijiti kinashika meno ya gurudumu la rola.

Sasa angalia gari limesimama wapi. Kigoma ni mji wa vilima. Ukiegesha kwenye mteremko wa kushukia ziwani, gololi inaweza kuwa imeshapanda ukingoni hata kabla hujaketi. Mkanda ukigoma hapo si mbovu, unafanya kazi yake. Peleka gari mahali tambarare ndipo uanze kutafuta ugonjwa.

Ukiwa tambarare na bado umegoma, uvute mara moja kwa nguvu, uachie urudi ndani kidogo, kisha uvute polepole kama mtu anayetoa kamba kisimani. Mara nyingi unakubali. Kwenye baadhi ya viti vya abiria kuna jambo lingine: ukivuta utepe mpaka mwisho, rola inabadilika tabia, inakuwa ya kurudi tu bila kutoka, na utasikia tik-tik-tik ukiingia. Imewekwa hivyo kwa ajili ya kukazia kiti cha mtoto. Dawa yake ni kuuacha urudi wote mpaka ndani, halafu uanze upya. Nimeshaletewa mkanda wa namna hii mwenyewe akiwa tayari ameshanunua rola nyingine.

Kama haikuwa hayo, uliza historia. Lini ulianza? Yule dereva wa Kasulu alijibu bila kufikiri: tangu gari lilipotoka kupigwa rangi. Liligongwa mlango likiwa limeegeshwa, likanyooshwa, likapakwa, likarudi barabarani. Nilipofungua plastiki ya nguzo nikakuta kijino cha rola, kile kinachopaswa kuingia kwenye tundu lake ndipo bolti ikazwe, kiko nje ya tundu. Rola ilikuwa imelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Gololi ilikuwa inakaa ukingoni muda wote; kuinama kidogo tu au kilima kidogo tu, inanyanyua kijiti. Nililegeza bolti, nikarudisha kijino kwenye tundu, nikakaza. Dakika kumi. Kengele hatukuigusa.

Ukimaliza, pima mara mbili. Kwanza vuta utepe kwa ghafla: lazima ung'ate. Pili, tafuta mahali pa wazi pasipo na watu wala gari nyuma yako, nenda mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, ufunge breki kwa nguvu huku ukiwa umeketi wima: lazima ung'ate tena. Ukishindwa kipimo chochote kati ya hivyo, rola ibadilishwe nzima. Usiifungue. Springi yake ikiruka haina adabu, na hata ukifaulu kuirudisha huna namna ya kujua kama meno yanashika. Wapo wanaochomoa gololi "ili mkanda uwe laini". Ni kweli unakuwa laini. Unabaki pambo la kumwonyesha trafiki.

Mkanda haurudi, unaning'inia

Tisa kati ya kumi kwangu ni uchafu, na uko kwenye pete ya juu. Pitisha kidole ndani ya pete hiyo. Utakuta utando mweusi, mgumu kama ukoko wa ugali: vumbi letu jekundu lililochanganyika na jasho na mafuta ya kujipaka, likakandamizwa na utepe kila siku. Springi ya rola ina nguvu ndogo kwa makusudi, isikubane kifua. Haiwezi kushindana na ukoko huo. Chukua kitambaa chembamba kilicholowa maji ya sabuni, kipitishe ndani ya pete, kivute huku na huku kama unayesugua viatu. Badilisha kitambaa mpaka kitoke cheupe.

Utepe nao uoshe. Uvute wote mpaka mwisho, uubane pale unapotokea kwenye plastiki kwa vibanio vya nguo viwili au vitatu ili usirudi, kisha uusugue kwa brashi laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande. Si Jiki. Si petroli, si rangi ya kufanya uonekane mpya. Dawa kali hula nyuzi bila kukuonyesha. Uache ukauke kabisa kivulini. Ukiurudisha umelowa, unapeleka maji na ukungu ndani ya rola.

Kuna mikanda inayokataa kurudi kwa sababu utepe umejisokota ndani ya pete. Usiilazimishe kwa bisibisi. Shusha ulimi chini kabisa, kunja utepe mshazari juu yake, upitishe mkunjo huo kwenye tundu la ulimi kidogo kidogo, kisha uusukume kwenda juu mpaka upite kwenye pete. Inachosha vidole, lakini inawezekana.

Ukishasafisha kila kitu na bado unajikokota, springi imechoka. Hakuna oili wala grisi itakayoifufua; ukipaka, vumbi ndilo litakaloshukuru.

Loki: ulimi hauingii, haukai, au hautoki

Tumia tochi kwanza. Ndani ya loki nimeshatoa sarafu ya shilingi mia, maganda ya karanga, mchanga, na vichwa vya dagaa visivyo na idadi. Geuza loki kichwa chini, igonge taratibu kwa kiganja, ipulize kwa upepo wa kompresa ukiwa umefumba macho. Usichokonoe kwa waya. Ndani kuna springi ndogo, na ukiihamisha utapata loki inayolia "klik" bila kushika.

Tena afadhali loki inayogoma waziwazi kuliko ile inayodanganya. Mama mmoja aliyetoka Tabora alikuja na mkanda wa kiti cha nyuma unaofunga vizuri na kufunguka wenyewe kwenye matuta. Nilipobonyeza kitufe kilishuka, kikabaki huko chini sekunde nzima, ndipo kikapanda polepole. Nikanusa. Asali. Alikuwa amebeba madumu kutoka Sikonge, moja likavuja usiku, akafuta kiti na kudhani yameisha. Loki ile haikuwa na waya wowote, kwa hiyo niliifungua bolti, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto kiasi, nikabonyeza kitufe na kuchomeka ulimi mara nyingi, nikabadilisha maji mara tatu. Ikakauka siku mbili. Siku ya kwanza nyuki walijaa gereji nzima, mafundi wenzangu hawakunisamehe mpaka leo. Ikapona. Lakini loki yenye waya usiiloweshe, na yenye waya wa njano usiiguse kabisa. Nitaeleza kwa nini.

Mawese ni kinyume cha asali. Hayagandishi, yanateleza, halafu yanakusanya vumbi na baada ya miezi mitatu loki inakuwa kama imejazwa udongo wa tofali. Mtu anayebeba mawese kila wiki afunike loki na mfuko wakati wa kupakia, basi.

Kila baada ya kuigusa loki, funga, usikie mlio, kisha vuta ulimi kwa nguvu mara tatu mfululizo. Ukichomoka hata mara moja, badilisha. Loki iliyopasuka plastiki yake au ambayo kitufe kimezama upande mmoja nayo ibadilishwe, hata kama leo inashika.

Mkanda unakata shingo, au unapanda tumboni

Hapa mkanda wenyewe ni mzima. Anayehitaji marekebisho ni aliyekaa. Ukikata shingo, angalia kwanza kama pete ya juu inaweza kushushwa. Magari mengi yana kitufe pale cha kuisogeza. Hakuna? Pandisha kiti au sogeza mbele kidogo. Utepe upite katikati ya bega. Usiupitishe chini ya kwapa: siku ya kishindo utakula mbavu, na chini ya mbavu za kulia pana ini. Vile vibanio vinavyouzwa ili kuulegeza mkanda usikubane, vitupe.

Sehemu ya chini ndiyo inayonipa hofu zaidi, na ndiyo isiyolalamikiwa na mtu. Inatakiwa ilale chini kabisa, juu ya mifupa ya nyonga, igusane na mapaja. Mfupa wa nyonga unabeba, tumbo halibebi. Fanya hesabu hii na mimi. Mtu wa kilo 70 yuko kwenye gari la mwendo wa 50, likagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Nguvu inayomsukuma mbele ni sawa na uzito wa karibu tani 1.4. Sasa amua unataka tani hiyo ipite kwenye mfupa au kwenye utumbo.

Madereva wa masafa ya Kigoma–Uvinza–Tabora wana tabia ya kulaza kiti nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, kama wako kwenye kochi. Kiti kikilala, mkanda wa kifua unaachana na kifua, na wa chini unapanda. Gari likigonga, mwili unateleza chini ya mkanda, na mkanda unaishia tumboni.

Wanaolijua tatizo hili kuliko sisi ni marubani wa glaida, zile ndege nyembamba zisizo na injini ambazo watu wa Ujerumani na Uingereza huzirusha kama mchezo. Rubani wake amekaa nusu amelala, hana namna nyingine, chumba ni chembamba kama mtumbwi. Kwa hiyo anafungwa mikanda minne au mitano: miwili ya kiunoni, miwili ya mabegani, na kwenye baadhi ya ndege wa tano unaopita katikati ya miguu. Kilichonivutia ni utaratibu wao wa kukaza. Wanaanza na wa kiunoni, chini kabisa na kwa nguvu, ndipo wanakaza ya mabegani. Ukianza na mabega, mikanda yake inavuta ule wa kiunoni kwenda juu, na umeshajitegea mtego mwenyewe. Huo wa tano wa katikati ya miguu kazi yake kubwa ni kuzuia wa kiunoni usipande.

Sisi hatuna mkanda wa tano, lakini utaratibu tunaweza kuuiga bila senti: keti umegusa mgongo wa kiti, funga, sukuma sehemu ya chini ishuke kwenye nyonga, halafu vuta sehemu ya kifua kwenda juu ili ile ya chini ikaze. Sekunde tatu. Koti nene na mkoba wa kiunoni vikae pembeni. Mama mjamzito naye afunge. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, ya kifua ipite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo.

Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja. Najua michomoko inapakia wawili kiti cha mbele, na najua kuwaambia abiria wa saa kumi na moja alfajiri "shuka" si rahisi. Lakini wawili wakifungwa pamoja watagongana vichwa wao kwa wao. Na mtoto wa mapajani: kwa hesabu ile ile, mtoto wa kilo 10 anageuka karibu kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Mtoto mdogo ana kiti chake. Mkubwa kidogo anainuliwa kwa kiti cha nyongeza mpaka afikie urefu wa karibu sentimita 145, mkanda umkae begani na siyo kooni.

Utepe umechakaa

Ukiona umechanika ukingoni, umekakamaa, umepauka kwa jua, au una sehemu inayong'aa kama iliyopigwa pasi, badilisha. Kung'aa huko ni nyuzi zilizoyeyuka kwa msuguano, na mara nyingi ni alama kwamba mkanda ulishawahi kumshika mtu kwenye ajali. Mingine imekunjwa na kushonwa karibu na ulimi au chini. Mshono huo umetengenezwa ukatike siku ya kishindo. Ukiukuta umefumuka, mkanda umeshamaliza kazi yake.

Usipeleke kwa fundi cherehani. Nawaheshimu, wananishonea viti, lakini uzi wa kushonea suruali hauwezi kubeba tani. Kufunga fundo ili kuufupisha nako ni kuukata nusu. Ukinunua wa mtumba, uvute wote dukani, upapase kwa vidole pande zote mbili, na ukatae wowote uliotoka kwenye gari lililogongwa.

Bolti inacheza, au sakafu imeoza

Pikapu zinazobeba chumvi ya Uvinza huwa nazifungua zulia kabla hata mwenyewe hajasema kilichomleta. Chumvi ikichanganyika na maji ya mvua hula sakafu kimyakimya, na loki imefungwa kwenye sakafu hiyo. Shika loki, ivute juu kwa nguvu. Ikicheza, inua zulia. Unga mwekundu ukizunguka bolti, gonga kwa bisibisi. Ikizama, usifikirie kuweka washa kubwa na kukaza upya. Sakafu ikatwe mpaka kwenye bati zima, iwekwe bati jipya, ndipo bolti irudi. Mchomeleaji aondoe kwanza utepe karibu na moto, cheche moja inatosha kuuyeyusha.

Bolti ya mkanda kwa kawaida ni ya inchi 7/16 yenye uzi mwembamba, chuma chake kigumu kuliko bolti za kawaida. Ikipotea, wengine huingiza yoyote inayolingana kwa macho, inakaa nusu uzi. Tafuta ya kwenye mkanda mwingine.

Taa ya mtu mwenye puto imewaka

Mikanda mingi ya mbele ina kikazaji chenye baruti kidogo kinachovuta utepe kwa nguvu wakati wa kugonga. Waya wake na wa mfuko wa hewa mara nyingi ni wa njano. Ndiyo maana nilisema usiuguse. Taa ya dashibodi yenye alama ya mtu mwenye puto, yaani ya mfuko wa hewa, ikibaki inawaka, peleka kwa mwenye mashine ya kusoma hitilafu, na yeyote atakayefungua hapo aondoe kwanza waya hasi wa betri na kusubiri; Toyota wanataka sekunde 90, mimi hunywa chai kabisa. Usipime waya huo kwa taa ya majaribio. Kikazaji kikishalipuka mara moja, hakirudi.

Mikanda ya nyuma haionekani

Swali la mwisho nililoulizwa wiki hii, na mzee mmoja wa Ujiji mwenye Noah: "Mwanangu, gari langu halina mikanda ya nyuma kabisa, utaniwekea?" Nikamwambia, shikamoo mzee, tuangalie kwanza. Nikavua kava za viti, zile za kushona zinazofunika mpaka chini, nikainua kalio la kiti. Loki zilikuwepo zote, zimelala chali kwenye vumbi tangu gari litoke Japani, moja bado ina karatasi yenye maandishi ya kwao. Kando yake kulikuwa na kalamu, kijiko cha chai, na shilingi mia tano ya sarafu. Nilitoboa kava mahali pa loki, nikaosha tepe zote, nikazivuta moja moja kwa ghafla. Zikang'ata. Mzee akachukua kijiko chake, ile sarafu akaniachia.